Anayetoa Ana Haki ya Kuuliza



Leo hapa Aveba tuzungumze mpira. Ule wa Ulaya tuwaachie wanaobishana kwenye vibanda vya video. Mpira wetu wa leo ni wa saa kumi alasiri, watoto wakiisha kutoka shule na shamba, uwanja una mteremko upande mmoja na mbuzi waliofungwa upande wa pili, na magoli ni miti ya mikalitusi. Ni mpira wa waminime, wakade na wajuniore, timu za wadogo zilizo chini ya klabu, parokia, shule au mtaa. Kila vakansi kubwa ya Julai na Agosti inapofika, turnuwa huota kila kona, na kila turnuwa huacha manung'uniko nyuma yake. Manung'uniko hayo hayasikiki uwanjani. Wamama huyasema njiani wakirudi nyumbani, ndoo kichwani. Leo tuyaseme hapa hewani.

Swali la kwanza ni hili: timu ya watoto inaendeshwa na nani?

Ukisoma karatasi ya klabu utakuta prezida, makamu wake, katibu, mweka hazina, mshauri wa kwanza na mshauri wa pili. Ukienda uwanjani utakuta watu wengine kabisa. Utamkuta mama aliyechemsha maji tangu asubuhi ili watoto wasinywe ya mtoni. Utamkuta mama mwingine anayefua jezi za timu nzima kwa sabuni aliyoinunua kwa faida ya sombe. Kuna papa aliyekata miti ya magoli na kuibeba begani. Kuna motari anayemkimbiza hospitali mtoto aliyevunjika mkono, halafu hadai hata pesa ya mafuta. Na kuna mwalimu ambaye akimaliza darasa lake anaanza upya, filimbi mdomoni, bila mshahara wa pili. Watafute hao kwenye ile karatasi. Hutawaona.

Siku ya fainali viti vya plastiki hupangwa chini ya turubai. Wakubwa hukaa, na soda zikifunguliwa huanza na wao. Prezida hushika kipaza sauti, huwashukuru wakubwa wa serikali, huwashukuru wafadhili, hulishukuru kanisa, na mwisho kabisa, watu wakianza kuondoka, husema: "na wazazi wote." Mama wa maji na mama wa sabuni wako wapi saa hiyo? Wako juani, nyuma ya kamba, na kijana mwenye fimbo anawaambia warudi nyuma.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Kwetu mambo yamegeuka: anayebeba mzigo ndiye anayepigwa mateke.

Msinielewe vibaya. Hakuna mzazi niliyemsikia akidai mshahara kwa kufua jezi. Watu wetu wanajua kujitolea. Salongo, kazi ya pamoja, tunaijua; likelemba, mchango wa zamu, tunaijua, na msiba ukitokea hatungojei barua. Mzazi anachotaka ni kidogo kuliko pesa. Kama ametoa franga elfu mbili za safari ya Gety, anataka kujua safari ilitumia ngapi. Kama tarehe ya mechi imebadilishwa, anataka kuambiwa kabla hajaacha palizi lake. Na kama mtoto wake amewekwa benchi turnuwa nzima, anataka aweze kumwendea kocha na kuuliza bila kujibiwa, "Mama, wewe mpira unaujua?"

Jibu hilo, wasikilizaji, ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Lina maana kwamba mikono ya huyo mama inafaa klabuni lakini mdomo wake haufai. Pesa zake zinapokelewa, swali lake linakataliwa. Ninachotaka kuwaambia leo ni kifupi: anayetoa ana haki ya kuuliza, na klabu ambayo watu wake hawaruhusiwi kuuliza, hata ikishinda makombe yote ya teritwari yetu ya Irumu, watoto wako hatarini ndani yake.

Nimesema hatarini. Sasa niwaeleze kwa nini nimetumia neno zito hivyo.

Tuwatazame watoto wenyewe. Mtoto anachelewa mazoezini kwa sababu alitumwa kuchota maji. Anaambiwa azunguke uwanja mpaka aanguke. Mwingine anakosa penalti. Anatukanwa pamoja na ukoo wake mbele ya umati. Mwingine mzazi wake hajatoa mchango. Anavuliwa jezi dakika tano kabla ya mechi, wenzake wakimtazama. Anayechezea vizuri mguu wa kushoto anapelekwa kuchezea timu ya kijiji kingine kwa siku mbili, nyumbani hawakuulizwa, na kilicholipwa kwa ajili yake wanakijua wachache. Anayevunjika anarudishwa kwao na maneno "pole sana", na kuanzia hapo bendeji na dawa ni juu ya mama. Nazungumzia wavulana. Kwa wasichana ongezeni safari za kulala nje, chumba kimoja, kocha mwanaume peke yake, na hakuna mama hata mmoja aliyealikwa kufuatana nao.

Mtu atasema hayo ni mambo madogo, ndiyo nidhamu, sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Hapo ndipo ninapoomba tunyamaze kidogo tukumbuke tuko wapi.

Hapa ni Ituri. Karibu na mwaka 2003 jimbo hili lilijaa watoto wenye bunduki, upande huu na upande ule. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, hukumu yake ya kwanza kabisa ilihusu watoto wa Ituri: tarehe 14 Machi 2012 Thomas Lubanga wa kundi la wapiganaji la UPC alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, akahukumiwa miaka 14. Na katika kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wapiganaji ambaye makao yake yalikuwa hapa Aveba, majaji walisema mwaka 2014 kwamba watoto wa umri huo walikuwepo pia kati ya wapiganaji wa upande wetu. Yeye mwenyewe hakutiwa hatiani kwa kosa hilo. Alihukumiwa kwa makosa mengine ya shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Baadaye yakaja mapatano ya serikali na FRPI, kundi la wapiganaji wa eneo hili, yaliyotiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020. Watoto wanaocheza minime leo walizaliwa baada ya Bogoro. Wengi wanaowafundisha walikulia ndani ya miaka ile.

Sisemi kocha ni kamanda. Ningesema hivyo ningewatukana watu wema wanaoacha mashamba yao kwa ajili ya watoto wa wenzao, na tena mpira umewapa vijana wengi wa hapa sababu ya kukaa mbali na msitu. Ninalosema ni kwamba eneo hili limeshajifunza, kwa gharama kubwa, nini hutokea mtoto akikabidhiwa kwa mtu mzima ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza kitu. Mtoto anazoea kutii bila kuelewa. Mzazi anazoea kutoa bila kuambiwa. Mazoea hayo yakishajengeka, anayekuja kuyatumia kesho si lazima awe kocha mwema. Ndiyo maana nasema uwanja wa mpira hapa Aveba unapaswa kuwa mahali mtoto anapojifunza kinyume chake: kwamba mkubwa anaheshimiwa, na pia anaulizwa.

Sheria iko upande wa mtoto. Nchi yetu, wakati ule Zaire, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo una kifungu kinachompa mtoto haki ya kucheza na kupumzika, na kingine kinachosema maoni yake yasikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kisha ikaja sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata yule juniore wako wa miaka 17, mwenye sauti nzito na ndevu mbili tatu, bado ni mtoto mbele ya sheria, na kumpiga mazoezini ni kumpiga mtoto.

Tuongeze mfano wa wakubwa, maana ugonjwa huu wa kutoulizwa hupanda mpaka juu. Wazee wanakumbuka mwaka 1974. Leopards yetu ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi. Ilifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil. Na dunia nzima humcheka Mwepu Ilunga, beki aliyetoka kwenye ukuta akaupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla wenyewe hawajaupiga, eti Mwafrika hakujua sheria. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri sana. Wachezaji walikuwa wameahidiwa pesa, pesa hazikufika mikononi mwao, na kabla ya mechi ya Yugoslavia walitaka kugoma. Kwake, lile teke lilikuwa hasira ya mtu anayeumizwa uwanjani wakati wanaofaidi wamekaa jukwaani. Wachezaji hao walikuwa mabingwa wa Afrika. Kama bingwa wa Afrika hakuwa na mahali pa kuuliza pesa zake zimekwenda wapi, mama wa sabuni wa Aveba atauliza kwa nani?

Basi tuziongelee pesa, kwani ndizo zinazowafanya wengine wafunge mlango.

Kila mwenye timu ya watoto ana ndoto moja: mtoto wake mmoja aonekane, achukuliwe na klabu kubwa, labda Lubumbashi, labda Ulaya, na klabu iliyomlea ipate chochote. Ndoto hiyo si upuuzi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu miaka 12 hadi 23. Piga hesabu nami. Mchezaji akiuzwa dolari milioni moja, klabu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 inastahili dolari elfu kumi. Dolari elfu kumi hapa Aveba! Ni jezi, ni mipira, ni sanduku la dawa, ni uwanja uliosawazishwa.

Lakini pesa hizo hazifuati kumbukumbu za wazee. Zinafuata karatasi. Klabu iwe imesajiliwa kwenye entente, yaani chama cha mpira cha eneo, na kwenye shirikisho, mtoto awe na leseni, miaka aliyochezea iandikwe mwaka kwa mwaka. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu inayopitisha malipo hayo, na ofisi hiyo haimjui mtu kwa sura. Kwa hiyo prezida anayekataa kuandika daftari kwa sababu hataki wazazi walisome anajinyima mwenyewe. Daftari hilohilo ndilo lingemletea mkate.

Karatasi nyingine ni ya kuzaliwa, na hapo wazazi nasi tujitazame. Kupunguza miaka ya mtoto tumekufanya ujanja wa kawaida. Kijana wa miaka 19 anaingizwa kade, na baba yake mzazi ndiye anayethibitisha. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na Afrika nayo inapima. Kuelekea michuano ya kufuzu ya Januari 2023, Kameruni iliwapima vijana 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17; 21 walianguka. Ishirini na mmoja! Fikiria waliokuwa na umri halali, ambao nafasi zao zilikuwa zimeliwa na kaka zao. Na huku kwetu, mvulana wa kweli wa miaka 14 anayepambana na mwanaume mwenye mke anavunjwa mguu, halafu tunasema ni bahati mbaya. Sheria inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto baada ya kuzaliwa. Anayemwandikisha mapema anamlinda mtoto wake shuleni, uwanjani na hata mbele ya anayetaka kumwandikisha mahali pabaya.

Kuna kosa la pili la wazazi. Wapo wanaomtazama mtoto mwenye kipaji kama shamba lililokaribia kuvunwa. Wanapiga kelele pembeni mwa uwanja kuliko kocha. Wanampelekea kocha kuku ili mtoto aanze mechi. Wanamnyang'anya mtoto furaha ya mchezo akiwa na miaka 10. Mambo haya si ya kwetu peke yetu: Uingereza, mwaka 2008, chama cha mpira kilianzisha mpango wa heshima, na kamba zikawekwa pembeni mwa viwanja vya watoto ili wazazi wasimame nyuma yake. Mzazi akitaka haki ya kuuliza, akubali pia kwamba kuuliza kuna mahali pake na wakati wake. Dakika ya 80 si wakati wa mkutano.

Sasa, je, inawezekana kuendesha mpira wa watoto kwa namna nyingine bila kuwa tajiri? Inawezekana, na mfano uko karibu.

Nairobi, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, mwaka 1987 kilianzishwa chama kiitwacho MYSA, Mathare Youth Sports Association, na Mkanada Bob Munro pamoja na vijana wa mtaa. Hawakuwa na viwanja vya majani. Walikuwa na takataka mpaka magotini. Wakaweka kanuni ambayo bado inashangaza watu: ukishinda mechi unapata pointi 3, timu yako ikifanya kazi ya kusafisha mtaa inapata pointi 6, na zote zinahesabiwa kwenye msimamo wa ligi. Viongozi wa kanda huchaguliwa na vijana wenyewe. Anayefundisha wadogo, anayechezesha kama refa, anayejitolea kazi za jamii, huandikiwa pointi zake pia, na wenye pointi nyingi hulipiwa karo, pesa zikienda moja kwa moja shuleni. Mwaka 1992 wasichana nao wakaanza. Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya.

Tazameni kilichofanyika pale. Kazi ya anayejitolea haikuachwa hewani ikasubiri "na wazazi wote". Iliandikwa, ikahesabiwa, ikaheshimiwa hadharani. Na mtoto hakungojea awe mtu mzima ndipo asikilizwe. Alipiga kura akiwa bado na kaptula.

Mfano wa mbali ni Norwe. Tangu mwaka 1987 shirikisho lao la michezo lina kanuni za michezo ya watoto: hakuna mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13, na mtoto ana haki ya kusema anachotaka katika mchezo wake. Utadhani watoto wa namna hiyo watakuwa legelege. Basi mwaka 2022, katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing, nchi hiyo yenye watu kama milioni tano na nusu ilichukua medali 16 za dhahabu, nyingi kuliko nchi yoyote iliyokuwa imewahi kuchukua katika michezo hiyo hadi wakati huo. Kumheshimu mtoto hakukumnyima mtu ubingwa.

Na hatuhitaji hata kwenda Nairobi au Norwe. Hapa petu shule zetu zina COPA, komite ya wazazi. Ina kasoro zake, wote tunazijua, lakini mzazi anaweza kusimama katika mkutano akamuuliza diriktere pesa fulani imefanya nini, na diriktere analazimika kujibu. Katika parokia, chama cha vijana cha Xaveri, kilichoanzia Bukavu mwaka 1952, huwapa vijana wakubwa kidogo jukumu la kuwaongoza wadogo. Kwa nini mtoto yuleyule, akivuka barabara kutoka shule kwenda uwanjani, mzazi wake anapoteza mdomo?

Najua viongozi wa klabu wananisikia, na baadhi wameshakasirika. Wanasema: "Wewe unakaa studio. Sisi hatuna kitu. Mpira mmoja tunaushona mara ya nne. Kocha naye hajalipwa. Ukianza kumdai hesabu na adabu, ataacha, na watoto watarudi barabarani." Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuipita kwa kicheko. Ni kweli kocha naye anajitolea, na heshima ninayoidai kwa mama wa maji naidai kwake pia. Mzazi anayemtukana kocha asiyelipwa kwa sababu timu imefungwa anatenda dhambi ileile.

Lakini angalieni vizuri hayo tunayoyaomba. Kuandika daftari kunagharimu kalamu moja. Kutompiga mtoto hakugharimu franga. Kumwambia mama mapema kwamba mechi imeahirishwa ni ujumbe mmoja wa simu. Umaskini unaweza kueleza kwa nini hamna viatu. Hauwezi kueleza kwa nini mnatukana watoto. Na kuhusu kuacha, mimi naona wazazi ndio wanaoacha zaidi, tena wanaacha kimya. Mama hagombani. Safari ijayo anasema mgongo unamuuma, sabuni imekwisha, mtoto ana homa. Klabu inalalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawana moyo, kumbe moyo ulikuwepo ukachoka.

Tena kuna faida ambayo viongozi hawaioni. Mzazi klabuni ana mikono, na ana macho pia. Mama akifuatana na wasichana kwenye safari ya kulala, kocha mwema analindwa na uvumi, na kocha mbaya anakosa nafasi. Wazazi wawili wakihesabu pamoja na mweka hazina pesa za mchango, mweka hazina mwaminifu analala usingizi. Anayekataa macho ya wazazi na kutaka mikono yao tu, wazazi wana haki ya kujiuliza anaficha nini.

Kwa hiyo napendekeza mambo yanayoweza kuanza kabla ya turnuwa ijayo, bila kungoja mfadhili, bila kungoja Kinshasa. Kila timu ya watoto ichague wazazi wawili, mmoja wao awe mama, wakae kwenye komite wakiwa na sauti kamili, si washauri wa kuitwa siku ya kupika. Michango na matumizi yaandikwe na kusomwa kwa sauti mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, hata kama ni franga elfu tano tu. Mtoto asiondolewe kwenye mechi kwa sababu mzazi wake hakutoa. Deni la mkubwa lizungumzwe na mkubwa. Asipelekwe timu nyingine wala safari ya kulala bila neno la nyumbani, na kwenye kila safari wawepo watu wazima wawili, mama akiwemo kama kuna wasichana. Kipigo na matusi viishe, na mtoto ajue jina la mtu mmoja nje ya kocha ambaye anaweza kumwendea akiumizwa. Kila mtoto aandikwe umri wake wa kweli. Na siku ya fainali, viti vya mbele wapewe kwanza wanaofua, wanaochemsha maji na wanaobeba. Wakubwa wa serikali ni watu wenye akili, wataelewa.

Ninyi watoto mnaonisikia, nina neno kwenu pia. Kumheshimu kocha ni lazima. Kuyafanya mazoezi yake kwa bidii ni lazima. Lakini kocha akikuambia jambo na kuongeza kwamba nyumbani wasijue, hilo ndilo la kulisema nyumbani kabla ya mengine yote.

Wahenga wamesema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jumamosi hii baada ya salongo watoto watakuwa uwanjani kama kawaida. Papa, mama, nenda. Usiende na hasira, na usiende kumsimanga mtu. Msalimu kocha, mshukuru kwa kazi yake, kisha mwombe daftari la mchango ulisome. Kama lipo, soma, na umsifu mbele ya wenzako. Kama halipo, nunua moja, mpe kalamu, na kaeni chini mwandike ukurasa wa kwanza pamoja. Wiki ijayo mtupigie hapa redioni mtuambie timu ipi imeanza, na tutazitaja hewani.